Maji ya chumvi kwenye nyumba za kupanga Nyali na Bamburi

Je, maji ya bomba ya Mombasa yana chumvi? Hapana, hayana. Yenye chumvi ni ya kisima, na nyumba nyingi za ghorofa Nyali na Bamburi, mitaa ya Mombasa, huyategemea kwa sababu bomba halitoki kila siku. Maji matamu yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Ardhi ya pwani ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, kwa hiyo ukivuta sana kisima kilicho karibu na bahari, maji ya chumvi hupenya ndani.

Nimepanga upande huo miaka minne. Sabuni haitoi povu, mabomba yanashika kutu, na hita ya bafuni iliniharibikia mara mbili. Kabla hujalipa dipoziti, fungua bomba la jikoni, uonje. Kisha muulize keateka (mtunza jumba), si dalali, tangi la juu linajazwa na nini na bauza (lori la maji) analipa nani. Mimi sikuuliza, nikawa nanunua mitungi ya maji ya kupikia kila wiki juu ya kodi.

Lakini si visima vyote viko sawa. Kuna majumba yenye mtambo wa kuchuja chumvi, na hata majirani wawili wanaweza kutofautiana kabisa, kwa hiyo onja hapo hapo unapotaka kuhamia.