Mume wangu mzee wa kanisa anataka bastola

*Shikamoo Shangazi. Naishi Uyole, Mbeya. Mume wangu ni wakala wa pesa za simu Mwanjelwa, na ni mzee wa kanisa letu la Moravian. Juzijuzi wezi walivunja mlango usiku, wakampiga, wakachukua keshi yote. Sasa anataka kuomba kibali cha bastola. Mchungaji anasema huko ni kukosa imani. Mume wangu anamjibu kwa Luka 22:36, eti Yesu aliagiza wauze joho wanunue upanga, na kwamba Wakristo wa Marekani wana bunduki majumbani. Mimi naogopa, maana mwanetu wa kidato cha nne hurudi usiku kwa kuruka ukuta. Nisimame na nani? Mama Watatu*

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Kupigwa mbele ya mke na watoto kunamuuma mwanamume kuliko keshi iliyoibwa, na nahisi bastola inatokea hapo kuliko kwenye Luka.

Mchungaji, kwa heshima zote, amemwonea. Watu wa Nehemia walijenga ukuta wa Yerusalemu mkono mmoja ukifanya kazi, mwingine umeshika silaha. Kanisa Katoliki nalo hufundisha kwamba mtu anaweza kutetea uhai wake kwa nguvu, mradi asizidishe kiasi. Na sidhani kama mchungaji mwenyewe analala geti wazi.

Lakini mzee naye asiishie aya ya 36. Aya mbili mbele wanafunzi wanaonyesha panga mbili, na Yesu anasema basi. Panga mbili kwa kundi zima! Usiku uleule mmoja wao anamkata sikio mtumishi wa Kuhani Mkuu, na Yesu anamponya aliyekatwa.

Andiko linalomhusu zaidi ni Kutoka 22:2-3. Mwizi akikutwa anavunja nyumba akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Jua likiwa limeshachomoza, anayo. Mimi nalielewa hivi: gizani mwenye nyumba hajui nani kaingia wala kafuata nini. Sasa mwambie mzee wako, giza hilohilo linalomwondolea hatia ndilo litakalomfanya asimtambue mwanawe anayeshuka ukutani saa saba usiku. Hofu yako ina macho, usiione kuwa uchache wa imani.

Habari ya Marekani isimsumbue. Haki yao ya silaha imo kwenye katiba yao, katika marekebisho ya mwaka 1791. Haikutoka kwenye Injili. Na Wakristo wa hukohuko hawakubaliani: Waamish na Wamenoni, madhehebu ya Kikristo ya wapenda amani, wengi wao hawamwinulii mtu silaha. Mzee wa Moravian ajue pia habari za Gnadenhütten, Ohio, mwaka 1782, ambako Wahindi Wekundu 96 wa misheni ya Moravian waliuawa na wanamgambo wa Kimarekani bila kupigana. Simwambii afe kama wao. Namwambia kanisa lake limeliwaza jambo hili tangu kabla halijafika Rungwe.

Kwetu silaha ni kibali, na maombi yanapitia polisi. Hata ukiwa nacho, Kanuni ya Adhabu inaruhusu nguvu ya kiasi tu. Ukizidisha ukaua, ni kosa la kuua bila kukusudia.

Kwa hiyo usisimame na yeyote kati yao. Wezi walifuata keshi, basi keshi isilale nyumbani: aipeleke benki mchana, inayobaki aibadilishe kuwa floti, yaani salio la uwakala kwenye simu, kabla ya kufunga. Wekeni komeo la chuma, taa ya nje, mbwa, na mzungumze na balozi wa nyumba kumi kuhusu ulinzi wa mtaa. Halafu siku moja watoto wakiwa wamelala, muulize mumeo kuhusu usiku ule, bila Biblia mkononi. Mwache aseme.

Na huyo wa kidato cha nne apewe saa ya kurudi na ufunguo wa geti. Kuruka ukuta kukome wiki hii, bastola ije isije.