Semina za walimu wa sayansi, zinasaidia kweli?

SWALI: Mhariri habari, mimi ni mwalimu wa kemia na hesabu hapa Kayole. Nimeitwa semina likizo hii, na ile ya mwisho tulikaa siku nzima tunasomewa slaidi tu, sasa niende tena kweli? – Mwalimu, Kayole

JIBU: Mwalimu wangu, pole kwa hiyo siku, lakini nenda. Mafunzo haya hayakuanza hivyo, mradi wa SMASSE wa kuimarisha hesabu na sayansi sekondari ulipoanza 1998, Wajapani wa JICA, shirika lao la misaada ya maendeleo, wakishirikiana na serikali yetu ya Kenya, wazo lilikuwa mwanafunzi aguse kitu kwa mkono wake na mwalimu atumie vitu vya karibu kama maabara haina kitu, na mpaka leo CEMASTEA, kile kituo cha mafunzo pale Karen, Nairobi, wanafundisha walimu wa hesabu na sayansi. Mimi nilifundisha kemia miaka mingi na kitu nilichotoka nacho semina moja ni kabichi ya zambarau, unaikatakata unachemsha unachuja, hayo maji ukitia ndimu yanakuwa mekundu, ukitia magadi yanageuka kijani, na watoto wa nyuma wanasimama juu ya viti waone. Hiyo ni asidi na besi kwa bei ya kabichi moja ya sokoni!

Ukifika beba lile somo linalokusumbua, hata kama ni logarithimu, uliza wenzako wakati wa chai wanalifundisha aje, kusema ukweli hapo ndipo mimi nilijifunza mengi kuliko ukumbini. Na wakianza slaidi tena, inua mkono uombe jaribio.