Saa nne ni asubuhi jamani

Huyo mzungu aliyeandika kulalamikia maisha ya Zanzibar, anayesema Wazanzibari hawajali muda kisa fundi bomba hakutokea saa nne, mbona kaeleza mwenyewe alimsubiri saa kumi jioni? Kwetu saa zinahesabiwa toka jua linapochomoza, saa nne ni asubuhi, siyo hiyo "four" ya kizungu ya jioni, fundi wa watu atakuwa alikuja akapiga hodi weee akachoka akaondoka na begi lake la spana. Na hilo la kulalamikia adhana ya alfajiri ndo limeniuma zaidi, wewe mzungu umepanga Mji Mkongwe wenyewe, misikiti kila kona, ulitegemea nini? Umeme kukatika lalamika tu, hata sie tunalalamika, ila watu umekaa nao miaka miwili hujajifunza hata kuwasalimia usiwaseme hivyo, inaumiza kwakweli.