Maswali na Majibu: Gari la Puri

Mwalimu, gazeti limeandika kwamba timu fulani ni "juggernaut". Maana yake nini?

Nguvu inayoponda kila kilicho mbele yake. Mwandishi angesema tu "haikamatiki", sote tungeelewa, lakini Kiingereza kina utamu wake mdomoni.

Kwa kuwa linaishia kama "astronaut" (mwanaanga, yaani "baharia wa nyota"), je, linahusu ubaharia?

Hapana. Hili ni swali la tatu la namna hii mwezi huu. Kufanana herufi si undugu.

Basi limetoka wapi? Nasikia ni mungu wa Kihindi anayeua watu.

Mungu ni kweli, kuua amesingiziwa. Neno limetoka kwa jina lake, Jagannath, la Kisanskriti, lugha ya kale ya India: jagat ni ulimwengu, natha ni bwana. Hekalu lake liko Puri, jimbo la Odisha, mashariki mwa India, tangu karne ya 12. Kila mwaka, Juni au Julai, Jagannath, yaani sanamu yake, hutolewa nje pamoja na kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra, kila mmoja na gari lake la mbao linaloundwa upya. Lake lina magurudumu 16 na kimo cha kama mita 13. Halina injini, watu hulikokota kwa kamba. Sasa fikiria limeshika mwendo, umati unasukumana, na mtu mmoja ameteleza.

Katika karne ya 14 mtawa Mtaliano, Odoric wa Pordenone, alirudi Ulaya na habari za waumini wa India wanaojilaza chini ya magurudumu ya gari la sanamu. Wa kujitupa walikuwapo, wachache. Ajali za msongamano nazo zimeua, ila ajali hainogeshi simulizi. Kufikia karne ya 19 Waingereza walishalifanya jina la mungu wa watu kuwa tusi la kila kinachosaga. Vitabu vya wasafiri wa namna hiyo, vikiwamo vilivyotuandika sisi, soma ukiwa na ungo mkononi.

Shangazi yuko London, anasema ni lori. Nani mkweli?

Nyote. Kule ndivyo wanavyoliita lori kubwa. Ukikutana na semitrela iliyokatika breki kwenye mteremko wa Kitonga, hutauliza asili ya neno.





Tuliandikeje kwa Kiswahili?

Wa Puri mwache na jina lake, Jagannath. Lori ni semitrela. Timu yako, subiri kwanza ishinde ugenini.