Je, Yesu alitembelea watu wengine baada ya kufufuka?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Maweni hapa Malindi. Kaka yangu anafanya kazi za umeme Nairobi. Pasaka alikuja nyumbani akatwambia amebatizwa kwa Wamormoni, na kitabu chao anacho, cha Kiswahili. Anasema Yesu alipofufuka alikwenda Amerika akaonana na watu wa huko. Mama ni kiongozi wa akina mama kanisani, na siku hiyo chakula hakikumpita. Yeye anasema Biblia imeshamaliza, Yesu alipaa, basi. Mimi nina langu: kama aliweza kwenda Amerika, huku kwetu alipita lini? Au sisi tulirukwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefundisha somo la dini ya Kikristo katika shule za sekondari za hapa Malindi mpaka nikastaafu, na mimi ni Mwanglikana. Nalisema mapema ujue nimesimama wapi. Lakini wanafunzi wangu niliwazoesha jambo moja na ninalishika hadi leo: imani ya mtu ielezwe kwanza kwa namna ambayo mwenyewe akisikia atasema naam, hivyo ndivyo ninavyoamini. Ubishi uje baadaye.

Kaka yako hakuzua. Kanisa lake, kwa jina lake kamili Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830. Mwaka huohuo kilichapishwa Kitabu cha Mormoni, ambacho Smith alisema amekifasiri kutoka mabamba ya dhahabu aliyoonyeshwa na malaika. Kinasimulia ukoo wa mzee Lehi uliotoka Yerusalemu kiasi cha miaka 600 kabla ya Kristo, ukavuka bahari hadi Amerika, ukagawanyika Wanefi na Walamani, wakapigana vizazi kwa vizazi.

Habari ya Yesu iko katika sehemu ya kitabu hicho iitwayo 3 Nefi. Anaposulubiwa Yerusalemu, huko Amerika panazuka dhoruba na tetemeko, miji inateketea, kisha giza la siku tatu ambalo hata kuni zilizokauka vizuri hazishiki moto. Baadaye, sura ya 11, watu wamekusanyika karibu na hekalu wanazungumzia mambo hayo. Inasikika sauti kutoka juu, si kubwa wala si kali, lakini inawapenya. Mara ya kwanza hawaielewi. Ya pili hawaielewi. Ya tatu wanaelewa ni Mungu anamtambulisha Mwanawe, wanainua macho, wanamwona mtu mwenye joho jeupe akishuka. Wanadhani ni malaika. Anajitaja jina, kisha anawaita waje waguse ubavu wake na alama za misumari mikononi na miguuni. Wanakwenda mmoja mmoja mpaka wote wamegusa. Kitabu kinawahesabu watu kama 2,500.

Usiishie hapo, soma na sura ya 17. Yesu anawaambia sasa anaondoka. Anawatazama, anaona wanalengwalengwa na machozi, wanamkazia macho kama wanaomwomba akae kidogo. Anakaa. Anaagiza waletwe viwete, vipofu na viziwi, anawaponya. Halafu watoto: anawachukua mmoja baada ya mwingine, anawabariki, na analia. Mimi siamini kwamba jambo hili lilitokea. Lakini naelewa vizuri sana kijana aliye mbali na kwao, usiku katika chumba cha kupanga, akisoma maneno hayo yamguse moyo. Mama yako akitaka kuzungumza na mwanawe aanzie hapo, amwulize ni kitu gani kilichomvuta.

Sasa hoja ya mama. Matendo sura ya 1 inasema Yesu alionekana kwa muda wa siku 40, kisha akapaa. Wamormoni hawalipingi hilo. Kitabu chao kinasema alitokea Amerika baada ya kupaa, akishuka kutoka mbinguni. Na Paulo naye alitokewa njiani kwenda Dameski wakati Bwana ameshapaa, kwa hiyo kusema tu "alishapaa" hakumalizi maneno. Mwambie mama ana hoja nzito kuliko hiyo. Katika Matendo 3:21 Petro anasema imempasa Kristo kupokewa mbinguni hadi zamani za kufanywa upya vitu vyote. Tena katika 1 Wakorintho 15 Paulo anawataja waliomwona: Kefa, yaani Petro, wale kumi na wawili, ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, Yakobo, mitume wote, na mwisho wa watu wote, yeye mwenyewe. Mkutano mzima ng'ambo ya bahari ukose kutajwa hata na mmoja wa mitume? Hilo linanizuia.

Kaka naye atakupa Yohana 10:16: "Na kondoo wengine ninao, ambao si wa zizi hili, na hao nao imenipasa kuwaleta, na sauti yangu wataisikia." Wamormoni wanasema hao ni Wanefi, na 3 Nefi 15 inamweka Yesu mwenyewe akiwaambia hivyo. Sisi wengine tangu zamani tumewasoma kondoo hao kuwa ni mataifa, watu wasio Wayahudi. Wamormoni wana jibu, na si jibu la ovyo. Wanasema Yesu alitamka kuwa hakutumwa ila kwa kondoo waliopotea wa nyumba ya Israeli, Mathayo 15:24. Mataifa hawakuisikia sauti yake kwa masikio yao, walifikiwa na Roho Mtakatifu. Basi waliosikia sauti lazima wawe Waisraeli wengine. Mimi nasonga mbele kidogo hadi Yohana 12. Wayunani wanamwendea Filipo, wanataka kumwona Yesu. Naye akiambiwa anaanza kusema habari ya kuinuliwa juu ya nchi na kuwavuta wote kwake. Kwangu kondoo wengine wameanza kuingia zizini hapo.

Tumefika kwenye swali lako, na hapa nitakaa kidogo, maana ndilo lililonifanya nichague barua yako. Wengi hudhani Wamormoni wanafundisha kuwa Yesu alizunguka dunia nzima. Kitabu chao hakisemi hivyo. Katika 3 Nefi 16 na 17 anasema anao kondoo wengine tena, si wa nchi ile wala wa Yerusalemu, na kwamba anakwenda kujionyesha kwa makabila yaliyopotea ya Israeli. Ni yale makabila kumi yaliyochukuliwa mateka na Waashuri, yapata miaka 720 kabla ya Kristo. Walikokuwa hakutajwi. Afrika haimo, Pwani haimo. Waliozuriwa hawakuzuriwa kwa kuwa ni Waamerika, bali kwa kuwa kitabu kinawahesabu ni wana wa Israeli. Mimi na wewe tunaangukia fungu la mataifa. Kaka akikwambia alikwenda kwa kila taifa, mfungulie sura hizo mbili. Yeye atakufungulia 2 Nefi 29, Mungu anapouliza kama watu hawajui kuwa kuna zaidi ya taifa moja, na anaposema anawaamuru watu wa pande zote wayaandike maneno atakayowaambia. Ni sura nzuri. Inazungumzia neno la Mungu kuyafikia mataifa, haisemi Yesu alishuka kwa kila moja.

Tuliporukwa kweli ni mahali pengine, na nisipolisema nitakuwa nimekuficha. Tangu 1852, siku za rais wao Brigham Young, kanisa hilo lilitangaza kuwa mwanamume mwenye asili ya Afrika hapewi ukuhani, ukuhani ambao kwao karibu kila mwanamume mwaminifu huupata. Iliendelea hivyo hadi Juni 1978, wakati wa rais wao Spencer W. Kimball. Na huku kitabu chao chenyewe, 2 Nefi 26:33, kinasema mweusi na mweupe, mtumwa na huru, wote ni sawa mbele za Mungu! Mwaka 2013 kanisa liliyakana maelezo yote ya zamani yaliyotumiwa kuhalalisha katazo hilo. Kaka yako leo anaweza kupewa ukuhani kama mtu yeyote. Lakini alijue, na aliulize huko kwa viongozi wake bila kuona haya. Lilinichoma nilipolisoma mara ya kwanza na linanichoma bado.

Jibu langu mimi kuhusu huku kwetu liko Matendo 8. Ukienda kwenye kile kikanisa cha Wareno karibu na bahari, chenye paa la makuti, utaambiwa Francis Xavier alipita Malindi 1542 akielekea Goa, na wengi wetu tumekua tukidhani habari ya Yesu ilianza kuingia Afrika kwa merikebu hizo. Msome mtu wa Kushi, mtunza hazina wa malkia Kandake. Ameketi garini, anasoma Isaya, haelewi. Filipo anaambiwa na Roho alikimbilie gari. Anapanda, wanazungumza, yule mtu anaona maji njiani anauliza ni nini kinachomzuia kubatizwa. Anarudi kwao Afrika akifurahi, na hapo Paulo hajaongoka bado. Kutoshukiwa na Yesu kwa mwili sikuoni kama ni kurukwa.

Kuhusu ushahidi wa historia nitasema machache. Nenda kwenye magofu ya Gede, utaona kaburi lenye mwaka wa Hijria 802, yaani 1399, na vigae vya kauri ya Uchina vilivyofukuliwa hapo. Mji ule hakuna awezaye kuukana. Miji ya Wanefi haijatambuliwa na wanaakiolojia walio nje ya kanisa hilo, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha asili ya wenyeji wa Amerika ni Asia. Wamormoni wenyewe walibadili maneno ya utangulizi wa kitabu, zamani yakisema Walamani ndio mababu wakuu wa wenyeji hao, sasa yanasema ni miongoni mwa mababu zao.

Na mama ale. Mwanawe hajaacha kumwita Yesu Bwana.

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni Mwislamu, natunza nyumba ya wageni Shela, Lamu. Mgeni mmoja Mmormoni wa Utah, Amerika, alinieleza barazani kwamba Nabii Isa aliwatokea watu wa Amerika. Nikakumbuka tunavyofundishwa kuwa kila umma uliletewa mtume. Je, ni jambo moja?

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Yanakaribiana mahali pamoja tu. Katika Sura Yunus aya ya 47 inasemwa kila umma una mtume wake, na katika Ghafir aya ya 78 kwamba wako mitume waliosimuliwa na wako wasiosimuliwa. Ile 2 Nefi 29 niliyoitaja juu inaelekea huko, kwamba Mungu hakusema na taifa moja peke yake.

Lakini mgeni wako hakukusudia mtume mwingine wa umma mwingine. Alikusudia Yesu yuleyule, wanayemwamini kuwa Mwana wa Mungu, aliyeuawa msalabani na kufufuka na mwili wa nyama na mifupa. Wanachogusa wale watu 2,500 ni alama za misumari. Nanyi mnasoma katika An-Nisaa 157 na 158 kwamba hawakumwua wala hawakumsulubu, bali Mwenyezi Mungu alimnyanyua kwake. Kwa hiyo masimulizi hayo yanasimama juu ya jambo ambalo Qur'ani inalikataa. Tafsiri ya aya hizo waulize mashekhe wenu, Lamu haikosi wanavyuoni.

SWALI: Mwalimu, mimi ni Mgiriama wa Marafa. Binamu yangu ni Mormoni, anasema Yesu alikwenda pia kwa wafu na kwamba anaweza kubatizwa kwa niaba ya babu yetu aliyekufa bila kuhubiriwa. Wazee wameshtuka, hasa shangazi, wanasema anachezea koma, yaani roho za mababu. Ni kweli wanafundisha hivyo?

JIBU: Ni kweli wanafundisha. Wanaanzia 1 Petro 3:19, Kristo kwenda kuwahubiri roho waliokaa kifungoni, na sisi Waanglikana pia tunakiri katika Imani ya Mitume kuwa alishuka mahali pa wafu. Wao wanaongeza ono la rais wao Joseph F. Smith (si yule mwanzilishi) la tarehe 3 Oktoba 1918, mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa amefiwa na mwanawe. Katika ono hilo Yesu, kati ya kifo na kufufuka, anawatokea roho za wenye haki, lakini kwa waasi haendi mwenyewe. Anawaweka wajumbe miongoni mwa wenye haki wakawahubiri wengine. Ono hilo liliingizwa katika maandiko yao 1976.

Ubatizo kwa ajili ya wafu hufanyika hekaluni tu, na hekalu la Nairobi lilitangazwa 2017. Aliye hai huzamishwa majini kwa jina la marehemu. Hakuna kufukua, kaburi haliguswi, wala kigango, ule mti wa kuchongwa wa kumkumbuka marehemu. Mimi siukubali ubatizo huo. 1 Wakorintho 15:29 wanayoitegemea inautaja tu, haiuagizi. Ila shangazi aambiwe jambo hili: kwa mafundisho yao wenyewe babu hageuzwi Mormoni kwa nguvu, huko aliko ana hiari ya kukubali au kukataa. Na binamu, kabla ya kulipeleka jina la babu, aje kwanza akae na wazee awaombe ruhusa.