Traiki ya kulalia: funga miguu kwanza

Ndugu uliyeuliza, umesema mgongo umekukataza baiskeli ya kawaida, ukanunua traiki ya kulalia iliyotumika, yaani baiskeli ya magurudumu matatu unayoiendesha ukiwa umeegemea nyuma, mawili mbele na moja nyuma, na sasa unataka kujua uangalie nini kabla ya kuingia barabara za Nairobi. Mimi pia mgongo ndio ulionifikisha kwenye traiki, na huu ni mwaka wa nne.

Anza na miguu. Usitoke getini kabla nyayo hazijashikwa imara kwenye pedali. Kwenye baiskeli ya kawaida mguu ukiteleza unakanyaga chini, basi. Hapa miguu imetangulia mbele: wayo ukigusa lami, traiki haisimami, inaupanda mguu na kuuvuta chini ya fremu. Mimi nilipita tuta Ngong Road nikiwa na raba tu, kisigino kikadondoka. Nilikuwa mwendo wa pole kabisa, na bado nilichechemea wiki tatu. Viatu vya kunasa kwenye pedali ndivyo bora. Kama bado hujavipata, mpelekee fundi viatu wa mtaani pedali zako akushonee mikanda ya kushika kisigino na vidole. Yangu ya kwanza ilitengenezwa hivyo.

Kisha rekebisha bomba la mbele linalobeba pedali. Mguu ukinyooka mbele, goti libaki limekunjika kidogo. Bomba likiwa fupi mno, magoti yatalia.

Mlimani huwezi kusimama juu ya pedali, kwa hiyo tia gia nyepesi na uzungushe miguu haraka. Ukisukuma gia nzito huku mgongo umeegemea kiti, unajiumiza magoti. Na shusha gia kabla hujasimama kwenye taa, la sivyo kuondoka kutakuwa vita huku matatu inapiga honi nyuma yako. Wiki za mwanzo utapitwa na kila mtu; misuli inayofanya kazi hapa si ile uliyoizoea, ipe muda.

Kwenye kona punguza mwendo mapema na uegemee upande wa ndani, maana gurudumu la ndani huinuka ukiingia na kasi. Traiki nyingi za aina yako, kila mkono una breki ya gurudumu lake la mbele: kamata zote mbili sawasawa, usije ukavutwa upande.

Dereva wa basi au lori ameketi juu, wewe uko chini ya dirisha lake. Weka bendera kwenye fimbo ndefu, taa ziwake hata mchana, na vioo viwili, kwa sababu kugeuka nyuma ukiwa umelala ni taabu. Kwenye foleni sijipenyezi ubavuni mwa lori kamwe. Nasubiri nyuma ya gari dogo.

Shimo ambalo baiskeli ingelikwepa, wewe una mistari mitatu ya magurudumu, na mmoja utaingia. Beba tyubu. Tairi za inchi 20 ziko za vipimo viwili, 406 na 451 (kipenyo cha rimu kwa milimita), haziingiliani. Soma namba ubavuni mwa tairi kabla ya kununua. Ile ya 406 ni ya BMX, zile baiskeli ndogo za michezo, haisumbui kupatikana.

Mazoezi fanyia msitu wa Karura, kwenye njia zinazoruhusiwa baiskeli, asubuhi. Na kabla hujashuka, funga breki ya kuegesha. Traiki haianguki ikiachwa, bali hubingirika, na yangu iliwahi kuteremka peke yake hadi mtaroni.