Runx Z ya 2ZZ kwa njia za Unguja: joto kwanza, springi baadaye

Ndugu yangu, umesema una Toyota Runx Z yenye injini ya 2ZZ, mshale wa joto unapanda ukikwama kwenye foleni ya Darajani AC ikiwa imewaka, na unataka kuagiza rejeta nene ya alumini pamoja na springi fupi za kushusha gari. Mimi natembelea injini hiyo hiyo hapa Unguja, mjini na shamba, na nakuomba usiagize kitu kwanza.

Jibu suala moja: inapanda joto wapi? Ikiwa inapanda umesimama, halafu inashuka ukishika njia ya Tunguu isiyo na foleni, basi maji yanazunguka vizuri na kilichokosekana ni upepo. Washa AC uone feni inazunguka kwa nguvu au inajikokota. Tazama ile kava ya plastiki inayoizunguka feni iko nzima, haikupasuka. Chungulia chini ya bampa kama ile plastiki ya kukinga injini bado ipo. Gari nyingi mafundi wameivua ili wamwage oili kwa urahisi, na hairudishwi tena. Kazi yake khasa ni kuulazimisha upepo upite ndani ya rejeta badala ya kukimbilia chini. Ikiwa joto linapanda ukiwa kwenye mwendo, hapo tafuta rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji iliyochoka, thamostati (ile valvu inayoachia maji yapite kwenye rejeta injini ikishapata joto) isiyofunguka sawasawa, au gasketi ya silinda hedi.

Sasa unaona kwa nini rejeta nene si jibu lako. Kila inavyozidi unene ndivyo feni inavyopata taabu kuvuta hewa. Kwenye mwendo mkubwa inasaidia sana, lakini umesimama Darajani na feni dhaifu, unaweza kuumia zaidi kuliko ulivyokuwa. Ukitaka kuitia, itie pamoja na feni yenye nguvu na kava inayoifunika rejeta yote.

Kitu kinachoua mfumo wa kupoza hapa kwetu ni maji na chumvi. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya visima vyake ni ya chokaa, na karibu na pwani yana chumvi ndani yake. Ukijaza maji ya kisima kila wiki unajenga gamba ndani ya rejeta na unaila alumini ya injini, na 2ZZ ni alumini kuanzia bloku hadi hedi. Mwaga yote, suuza mpaka yatoke meupe, tia kulanti ya Toyota, yaani ile dawa ya maji ya rejeta. Ile nyekundu ichanganye na maji yaliyochemshwa kwa mvuke, yanayouzwa kwa ajili ya betri. Ile ya waridi kwa kawaida huwa imeshachanganywa, itie kama ilivyo. Usiseme kwetu hakuna barafu kwa hiyo kulanti ya nini; tunaitaka kwa kuzuia kutu. Kwa nje, upepo wa bahari unakula yale mabati membamba ya kondensa ya AC na ya rejeta. Ukitoka Paje au Nungwi pita maji matamu, taratibu, bila ya presha, kutoka upande wa injini kwenda mbele.

Nunua na kifuniko kipya cha rejeta, chenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye cha zamani. Watu wanakidharau. Maji yaliyobanwa kwa shinikizo la kiasi cha bar 1 yanachemka karibu nyuzi 120 badala ya 100, na springi ya kifuniko ikilegea, kinga yote hiyo imeondoka.

Thamostati usimkubalie fundi aitoe. Nawaheshimu mafundi wetu, lakini hili kwa 2ZZ ni hasara tupu. Kompyuta ya injini hii hairuhusu ile kemu ya pili, ya mwendo mkubwa, kunyanyua valvu mpaka maji yafike kiasi cha nyuzi 60. Gari isiyopata joto lake inakula mafuta na inakunyima ile nguvu inayokuja juu ya mizunguko 6,000 kwa dakika, ambayo ndiyo uliyoilipia. Thamostati yake inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Tia mpya.

Na mshale wa kwenye dashibodi usiuamini peke yake. Umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka, na unapoanza kuondoka hapo mambo yameshakuwa mabaya. Pata kile kifaa kidogo cha OBD2 cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, usome joto la maji kwenye simu.

Tuje kwenye miguu, yaani springi na shokapu. Kushusha gari kwa njia zetu mimi siafiki, na sababu yangu si matuta peke yake, ingawa yale ya Jozani waliyowekewa kima punju yanatosha kukufundisha. Mbele una shokapu zilizosimama na mkono mmoja wa chini. Ukishusha sana, ule mkono unaelekea juu kwa upande wa tairi, gari inazidi kulala kwenye kona na usukani unavutwa ukipita mashimo. Juu ya hayo shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kushuka, inagonga mwisho, na inakufa mapema.

Pesa hiyo nunua shokapu mpya nne za gesi, KYB kwa mfano, na springi zako za kiwandani zibaki. Za mtumba ziache, hujui zimebeba nini huko zilikotoka. Zikifungwa, badilisha na mpira wa juu pamoja na beringi yake, linki za stabilaiza, na bushi za mkono wa chini, khasa ile ya nyuma. Msimamie fundi kwenye jambo hili: boliti za bushi zikazwe mwisho gari ikiwa imekanyaga chini kwa tairi zake. Zikikazwa miguu inaning'inia kwenye jeki, mpira unabaki umesokotwa muda wote na utachanika upesi. Halafu alaimenti.

Tairi ndiyo ya mwisho kutajwa lakini usiifanye ya mwisho kununua. Tazama zile tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa jua letu, tairi kuukuu yenye meno mazuri bado ni tairi ngumu, na mvua za masika zikianza haishiki lami.

Anza na OBD2 wiki hii. Tuletee joto la foleni na la njia ya Tunguu, pamoja na picha ya rejeta kwa mbele, tujue kama feni yako ndiyo tatizo.